Umetazama Mpaka Wapi?



Yako maneno matatu ambayo kila mgonjwa hupenda kuyasikia kutoka kinywani mwa daktari: "Nimetazama, hakuna kitu." Mtu akisha kuyasikia hushukuru, huvaa koti lake, hurudi nyumbani akala kwa raha. Lakini juma hili nataka tuyashike maneno hayo na kuyageuza-geuza, kama mama ageuzavyo kabichi sokoni kabla ya kutoa fedha yake. Je, "hakuna kitu" maana yake nini? Maana yake kitu hakipo? Au maana yake aliyetazama hakukiona? Hayo ni mambo mawili mbali mbali, na katikati yake mtu aweza kupoteza maisha.

Sisi tunaoshika madaftari ya ubatizo jambo hili twalijua. Kijana akija kutafuta cheti kwa ajili ya ndoa, na jina lake lisionekane, karani mwema haandiki mara moja kwamba huyu hakubatizwa. Kwanza hujiuliza: Nimefungua daftari la mwaka gani? Kurasa zote zipo, au nyingine zimeliwa na mchwa? Alibatizwa hapa, au kigangoni, au huko Gare? Kutoona jina si sawa na jina kutokuwapo. Sharti kwanza ujue umetazama wapi, na umetazama namna gani.

Basi, leo nataka kusema juu ya ugonjwa ambao watu wengi huona haya kuutaja, nao ni kansa ya utumbo mpana. Utumbo mpana ni ile sehemu ya mwisho ya utumbo, yapata mita moja na nusu, ambamo chakula kilichokwisha kusagwa hukauka na kuwa choo. Ukiwaza kwamba ni ugonjwa mdogo, sikia hesabu: mwaka 1 tu, yaani 2020, ulimwenguni kote walihesabiwa wagonjwa wapya zaidi ya milioni 1.9, na waliokufa kwa ugonjwa huo walikuwa zaidi ya 900,000.

Labda utasema, "Ndugu karani, huo ni ugonjwa wa Wazungu." Neno hilo lina historia yake hapa kwetu Afrika Mashariki, na yafaa tuijue. Denis Burkitt, daktari mpasuaji mzaliwa wa Ayalandi, alifika Uganda mwaka 1946, na baadaye akafanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1958 aliandika habari za uvimbe wa taya za watoto, ambao hata leo waitwa kwa jina lake. Akataka kujua uvimbe ule wapatikana wapi na haupatikani wapi. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda motokaa kuukuu, wakasafiri toka Uganda hadi Afrika Kusini, wakipita Tanganyika, wakiingia hospitali moja hadi nyingine na kuuliza: "Je, mmewaona watoto wenye uvimbe wa namna hii? Wangapi?" Hakuwa na mashine kubwa. Alikuwa na picha, swali, na kalamu ya kuandikia jibu.

Aliporudi Uingereza mwaka 1966 hakuacha desturi hiyo ya kuuliza na kuhesabu. Aliendelea kuziandikia hospitali za misheni barani Afrika kuuliza habari za magonjwa ya tumbo. Mwaka 1971 akaandika kwamba kansa ya utumbo mpana ni haba kwa watu wanaokula vyakula vyenye makapi mengi, kama nafaka isiyokobolewa, maharage na mboga, na ni nyingi kwa watu wanaokula vyakula vilivyokobolewa na kulainishwa. Nasi huku milimani twaweza kufurahi kidogo, maana dona, makande na mboga za majani hatukufundishwa na Burkitt. Bibi zetu walitangulia.

Lakini ngoja, msomaji. Daftari la hospitali lawaonyesha waliofika hospitali peke yao, na katika hao wale tu waliotazamwa. Mzee aliyefia nyumbani Mtae au Mlola miaka ile kwa "ugonjwa wa tumbo" hakuandikwa popote. Basi uhaba wa ugonjwa katika vitabu waweza kuwa uhaba wa kweli, na pia waweza kuwa uhaba wa macho. Yaelekea yote mawili yalikuwapo. Na siku hizi mambo yanageuka. Madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, waliandika mwaka 2013 habari za wagonjwa wa kansa hiyo waliotibiwa pale, wakaona kwamba walio wengi mno walifika ugonjwa ukiwa umekwisha kuendelea sana. Hao si Wazungu. Ni baba na mama wa vijiji kama vyetu, nao walichelewa.

Sasa tuone ugonjwa wenyewe wafanyaje kazi. Mara nyingi hauanzi kama kansa. Huanza kama kinyama kidogo kinachoota katika ukuta wa ndani wa utumbo, kama uyoga juu ya gogo. Vinyama vya namna moja huitwa adenoma, na hivyo vyaweza kugeuka kansa. Lakini kwa kawaida havina haraka. Huchukua miaka mingi, mara nyingi 10 au zaidi, na wakati huo wote mtu haumwi kitu. Hapo ndipo penye bahati yetu: kinyama kikionekana mapema, chaweza kukatwa, na kansa isije.

Chombo cha kufanyia kazi hiyo ni mpira mwembamba, mrefu, unaopindika, wenye taa na kamera kwenye ncha. Huingizwa kwa njia ya haja kubwa, na daktari hutazama utumbo kwa ndani katika kioo kama cha televisheni. Kipimo hicho chaitwa kolonoskopi. Mwaka 1969 huko New York, madaktari Hiromi Shinya na William Wolff walianza kukata vinyama kwa kitanzi cha waya kilichopitishwa ndani ya mpira huo huo, mgonjwa asipasuliwe tumbo. Tangu hapo kutazama na kutibu vikawa kazi moja. Kwetu kipimo hiki hufanywa katika hospitali kubwa, kama Muhimbili huko Dar es Salaam, KCMC huko Moshi, na Bugando. Mtu wa Lushoto akiandikiwa barua ya rufaa, huenda akapanda basi mpaka Moshi au Dar es Salaam.

Hapa ndipo swali letu la kwanza larudi. Ametazama, amesema hakuna kitu. Je, ametazama mpaka wapi?

Kila mmoja wetu aijua barabara ya Mombo kwenda Lushoto. Ni yapata kilomita 33, kona juu ya kona. Mtu akipanda gari Mombo akashuka Soni, akanywa chai akitazama maporomoko ya maji, kisha akarudi Mombo na kusema, "Nimezunguka, Lushoto hakuna mvua," utamwamini? Hakufika! Utumbo mpana nao una kona zake, na nyingine ni kali. Daktari mwenye haraka, au asiyezoea, au ambaye mgonjwa wake ana maumivu, aweza kuishia katikati. Na vinyama viko hata mwisho wa njia, upande wa kulia wa tumbo. Ndiyo maana waganga wa kazi hii wamewekeana alama ya kufika: sharti daktari aone tundu la kidole tumbo, pale utumbo mpana unapoanzia, na apige picha kama ushahidi. Mapatano ya waganga wa Marekani yasema daktari afike mwisho kwa watu 95 katika kila 100 wanaochunguzwa.

Swali la pili: njia ilikuwa safi? Ukungu ukishuka juu ya Magamba, hata mwenye macho makali haoni mti ulio mbele yake. Hali kadhalika utumbo wenye uchafu. Mgonjwa hupewa dawa ya kuharisha ili utumbo uoshwe, na daktari hutakiwa kuandika kama ulisafishika au la. Asipoandika, neno lake "hakuna kitu" halina nguvu, kwani huenda kitu kilifunikwa.

Swali la tatu: alitazama taratibu? Daktari kwanza husukuma mpira mpaka mwisho, kisha hutazama kwa makini wakati wa kuuvuta kurudi. Ukuta wa utumbo una mikunjo mikunjo, na kinyama hupenda kukaa nyuma ya mkunjo. Mkulima wa Lukozi atanielewa. Akipita katika shamba la kabichi kwa mbio, ataona kijani kitupu, atasema shamba ni zima. Mwenzake akiinama, akafunua jani hadi jani, atawakuta viwavi wamejificha chini. Shamba ni lile lile.

Wala hii si hadithi. Mwaka 2006 ilitangazwa habari ya madaktari 12 wa mji wa Rockford, Marekani, waliofanya kolonoskopi 7,882. Hawa hawakuwa wanafunzi; kila mmoja alikuwa amekwisha kufanya kipimo hiki mara maelfu. Lakini walipohesabiwa, mmoja aliona adenoma kwa watu 9 tu katika 100, na mwingine kwa watu 32 katika 100. Tofauti hiyo yashangaza! Muda wa kuvuta mpira nao ulitofautiana: mwingine alitumia kwa wastani dakika 3, mwingine dakika 16. Na waliotumia dakika 6 au zaidi waliona vinyama vya hatari kwa watu 28 katika 100, hali waliotumia chini ya dakika 6 waliona kwa watu 12 tu. Fikiri walimu wawili waliosahihisha madaftari ya darasa moja, mmoja akakuta makosa matatu pale mwenzake alipokuta kumi. Je, utasema watoto wa mwalimu wa kwanza wana akili zaidi?

Kutokana na habari kama hizo, waganga walipata kipimo cha kumpima mpimaji mwenyewe. Huhesabu hivi: katika kila watu 100 wenye umri wa kuchunguzwa aliowatazama, daktari huyu amekuta adenoma kwa wangapi? Na watu wa Polandi walionyesha kwamba hesabu hiyo si mchezo. Waliwafuata watu 45,026 waliokuwa wametazamwa na madaktari 186. Katika habari waliyoitangaza mwaka 2010, watu waliotazamwa na daktari mwenye hesabu iliyo chini ya 20 katika 100 walikuwa na hatari zaidi ya mara 10 ya kupatwa na kansa baada ya kuambiwa ni wazima, wakilinganishwa na waliotazamwa na daktari mwenye 20 au zaidi. Mwaka 2014 hesabu kubwa zaidi ilitangazwa kutoka California: kolonoskopi 314,872, madaktari 136. Ikaonekana kwamba kila hesabu ya daktari ikipanda kwa 1 katika 100, hatari ya kansa kwa wagonjwa wake yapungua kwa 3 katika 100.

Msomaji, watazame watu hao wa Polandi kwa macho ya huruma. Walitii. Walikunywa dawa chungu, walivumilia aibu, walilala juu ya kitanda cha hospitali. Wakaambiwa, "Nenda kwa amani." Na kwa sababu waliambiwa hivyo, baadhi yao walipoanza kuona dalili huenda walizidharau, maana walikuwa "wamepimwa." Kipimo kibaya chaweza kuwa na hasara kuliko kutopimwa, kwa kuwa humpa mtu usingizi wa mchana huku mwizi yumo ndani.

Je, dawa yake ni kuwafukuza madaktari wenye hesabu ndogo? Hapana. Watu wa Polandi walifanya jambo la busara zaidi. Kila mwaka walimpa kila daktari hesabu yake mwenyewe, aitazame. Habari yake ilitangazwa mwaka 2017, ikiwahusu madaktari 294 na kolonoskopi 146,860. Karibu madaktari watatu katika kila wanne walipandisha hesabu zao, na wagonjwa wa waliopanda walipata kansa kidogo kuliko wagonjwa wa wale wasiopanda, na waliokufa walipungua pia. Daktari ni mtu kama sisi. Akionyeshwa kazi yake kwa haki bila kutukanwa, hujirekebisha. Mwalimu aliyetembelewa na mkaguzi mwenye heshima huijua faida hiyo.

Lakini nawaomba tusiabudu hesabu. Hesabu nayo ina hila zake. Hospitali moja ya Boston iliwaamuru madaktari wake watumie dakika 7 au zaidi wakati wa kuvuta mpira. Wakatii. Habari yake ilitangazwa mwaka 2008: dakika ziliongezeka, lakini vinyama vilivyoonekana havikuongezeka. Kwa nini? Kwa sababu saa haina macho. Mtu aweza kukaa shambani kutwa nzima asifunue jani hata moja. Tena daktari apimwaye kwa "ameona au hakuona" aweza kuona kinyama kimoja, akafurahi kwamba amekwisha kuhesabiwa, akaacha kutafuta cha pili. Basi kipimo chema ni kile kinachotazamwa pamoja na vingine: amefika mwisho? Njia ilikuwa safi? Ametumia muda? Ameona nini? Na je, amemwumiza mgonjwa? Maana mpira waweza kutoboa utumbo. Hutokea mara chache, huko wanakochunguza watu wasio wagonjwa yapata chini ya mtu mmoja katika 1,000, lakini nalo sharti liandikwe.

Siku hizi waganga wa Marekani wamezidi kukaza kamba. Tangu mwaka 2024 wataka daktari aone adenoma kwa watu 35 katika kila 100 wenye miaka 45 na zaidi, na wastani wa kuvuta mpira usipungue dakika 8. Je, nasi tuchukue namba hizo kama zilivyo, tuzibandike ukutani Moshi au Mwanza? Nionavyo mimi, la. Namba hizo zimetokana na Marekani, ambako watu wengi huchunguzwa kabla ya kuugua. Kwetu hakuna mwito wa namna hiyo kwa nchi nzima, na anayepelekwa kwenye kolonoskopi mara nyingi ni mtu aliyekwisha kuona damu. Kumpima daktari wetu kwa kipimo cha watu wengine ni kumwonea, na kwaweza kumsifu asiyestahili.

Lakini yako mambo yasiyongoja fedha za wafadhili. Daftari na kalamu vyatosha kuanza. Safu ya kwanza: amefika mwisho, ndiyo au hapana. Ya pili: utumbo ulikuwa safi, ndiyo au hapana. Ya tatu: dakika ngapi. Ya nne: kilichoonekana, na kama kimepelekwa maabara. Ya tano: madhara yoyote. Mwisho wa mwezi mtu ajumlishe. Burkitt alivuka nchi nyingi akiwa na maswali machache kuliko hayo. Hospitali inayoficha hesabu zake humfanya mgonjwa abahatishe kama mchezaji wa karata, na hospitali inayojihesabu yastahili kusifiwa hata kama hesabu yake ya kwanza ni ndogo, maana imekubali kujiona.

Sasa nageuka kwako wewe, baba na mama mnaosoma gazeti hili jioni, na mtoto akiwashikia taa. Yatupasa nini sisi?

Kwanza, tusifiche. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Damu katika choo, choo kilichobadilika ghafla kwa majuma kadhaa, mara kuharisha mara kufunga, kukonda bila sababu, uchovu wa kupungukiwa na damu, maumivu ya tumbo yasiyokwisha: hizo ni dalili za kumpelekea mganga wa hospitali. Si kila damu ni kansa. Yaweza kuwa bawasiri, yaweza kuwa amiba, yaweza kuwa kichocho. Lakini usijihukumu mwenyewe kwamba ni bawasiri, ukachemsha mizizi mwaka mzima. Acha atazame ajuaye. Baba, usione haya kwa sababu mganga ni binti wa umri wa mwanao. Amefundishwa kazi hiyo, na siri yako ataitunza.

Pili, ijue jamaa yako. Kama baba, mama, kaka au dada yako alipatwa na kansa ya utumbo, mwambie daktari, na umwambie alikuwa na umri gani. Miongozo ya Marekani yashauri mtu wa namna hiyo aanze kuchunguzwa akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougulia ndugu yake, lolote litakalotangulia. Usingoje kuumwa ndipo useme.

Tatu, ukiandikiwa kipimo, jitayarishe vizuri. Nusu ya kazi ya daktari iko mikononi mwako. Siku iliyotangulia huwezi kula makande wala matunda yenye mbegu na maganda. Utapewa maagizo ya kunywa vitu vyepesi, kama maji na chai ya rangi. Dawa ya kuharisha mara nyingi hugawanywa, nusu jioni na nusu asubuhi ya kipimo, kwa kuwa hivyo utumbo husafishika zaidi. Basi, usithubutu kuinywa Lushoto kisha upande basi la Moshi! Utaaibika njiani, nawe utaiacha nusu ya dawa katika chupa. Tafuta ndugu au nyumba ya kulala karibu na hospitali, yenye choo cha karibu. Hiyo ni gharama, najua. Lakini kufika na utumbo mchafu ni gharama mara mbili, maana utarudishwa uanze upya. Mwambie daktari pia dawa unazotumia, hasa vidonge vya kuongeza damu, dawa za kuzuia damu kuganda, na dawa za kisukari. Uliza bei mapema, na uende na mtu wa kukusindikiza, maana huenda utapewa dawa ya usingizi.

Nne, kipimo kikiisha, uliza. Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu. Waweza kusema kwa heshima: "Shikamoo daktari. Naomba kujua, mlifika mwisho wa utumbo? Ulikuwa safi wa kutosha? Mmekuta nini, na mlichokata kimepelekwa kupimwa? Nirudi lini?" Maswali hayo ni mepesi, na mtoto wa darasa la tano aweza kukuandikia katika karatasi uende nayo. Daktari mwema atafurahi kuyajibu. Akijibu kwamba hakufika mwisho, usimkasirikie. Amekutendea haki kwa kusema kweli, nawe sasa wajua kwamba safari haijaisha, na sharti upangiwe kipimo kingine. Omba majibu yako kwa maandishi, uyatunze mahali pamoja na vyeti vya ubatizo na hati ya shamba. Karatasi hiyo itamsaidia daktari wa miaka ijayo kujua wapi pamekwisha kutazamwa.

Na tano, hata ukiambiwa u mzima, usilale usingizi wa pono. Kipimo chema hupunguza hatari, hakiifuti. Mwaka 2022 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanywa Polandi, Norwei na Uswidi: watu walioalikwa kolonoskopi walipungukiwa na hatari ya kansa hiyo kwa 18 katika 100 kwa muda wa miaka 10, na walioitikia mwaliko hawakufika nusu. Basi, ni msaada, si hirizi. Dalili ikija baada ya kipimo, rudi hospitali kama kwamba hujapimwa kamwe.

Naona kama nawasikia wengine wakisema, "Karani ametuletea mambo ya mbali. Sisi twatafuta mbolea na karo." Kweli. Lakini baba akilala kitandani miezi sita, nani atapanda viazi? Mama akiondoka, nani atapeleka matunda damu sokoni Lushoto? Gharama ya kuchelewa hulipwa na watoto, na shamba huuzwa kwanza kabla ya mgonjwa kuzikwa. Afadhali nauli ya Moshi leo.

Basi jioni hii, baada ya chakula, ulizaneni nyumbani: je, yuko mmoja wetu anayeona damu naye amenyamaza? Mpeni nafasi ya kusema, bila kicheko. Na aliyekwisha kupimwa alete karatasi yake, mtoto asome kwa sauti, mwone kama imeandikwa alitazamwa mpaka wapi. Kama haikuandikwa, mnalo swali la kwenda nalo hospitali.

Tuonane juma lijalo.

Karani wa Parokia